Chuma Kilichomsimamisha Mama

Neno la leo ni refu kuliko yale niliyozoea kuwaandikia asubuhi. Kama uko kwenye matatu au una sufuria motoni, liweke hadi upate nafasi. Fungua Biblia yako mahali pawili: Hesabu 21:4-9 na 2 Wafalme 18:4. Tutafika huko. Kwanza nina toba ya kufanya mbele yenu, na Mama amenipa ruhusa niifanye.

Wengi mlio kwenye ukurasa huu tangu 2022 mnakumbuka video ya Mama. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Juni. Nilimwita mbele pale kanisani kwetu Kitui mjini, nikamwambia aache fimbo yake kwenye kiti, naye akatembea hatua 11 hadi madhabahuni. Nilizihesabu kwa sauti kwenye maikrofoni. Kina mama wakapiga vigelegele, vijana wakaruka, mpiga kinanda akashindwa kujizuia. Nikasema, "Mungu amemaliza! Hakuna maumivu tena!" Video ile ilitazamwa na watu wengi kuliko mahubiri yangu yote ya mwaka ule.

Mama alikuwa na maumivu siku ile. Alikuwa nayo katika kila mojawapo ya zile hatua 11. Nilikuja kujua miezi 9 baadaye.

Nianze mwanzo.

Februari 2022 tulikuwa tumetoka kuvuna ndengu. Mama, wakati huo akiwa na miaka 71, alikuwa akipura ndengu uani juu ya turubai, nyumbani kwetu upande wa Mutomo. Akaona mbuzi ameingiza kichwa ndani ya gunia. Akainuka haraka kumfukuza, mguu ukanaswa kwenye ukingo wa turubai, akaangukia ubavu wa kulia. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala kwenye pikipiki. Alianguka kutoka kimo chake mwenyewe, kwenye ua anaoufagia kila asubuhi. Kwa mifupa ya mtu mzima wa umri ule, hiyo inatosha.

Dada yangu alipofika alimkuta hawezi kuinuka. Mguu wa kulia ulionekana mfupi kuliko wa kushoto, na wayo umegeukia nje. Jirani mmoja, kwa nia njema, alitaka aitwe mtu wa kukanda mifupa. Dada akakataa. Wakamlaza juu ya godoro nyuma ya Probox, safari ikaanza, na kila tuta la barabarani Mama aliliitia jina la Yesu.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa paja umevunjika karibu kabisa na nyonga, chini kidogo ya shingo ya mfupa. Mimi nilidhani atafungwa plasta tukarudi nyumbani. Daktari akaniambia pale si mahali pa kufunga plasta kama mkono. Akanieleza kwamba zamani mzee akivunjika hapo alilazwa kitandani miezi, mguu ukivutwa kwa uzito, na wengi hawakufa kwa mfupa wenyewe. Walikufa kwa vidonda vya mgongoni, kwa mapafu kujaa, kwa damu kuganda mguuni. Kulala ndiko kulikowaua.

Baadaye nilisoma kidogo nijue shukrani zangu zinaenda kwa nani. Mwaka 1925, huko Boston, Marekani, daktari mmoja mzaliwa wa Norwe, Marius Smith-Petersen, alianza kushika shingo ya nyonga iliyovunjika kwa msumari wenye mapezi matatu, ili mgonjwa aondoke kitandani. Tangu hapo vyuma vimeboreshwa sana. Na kwa nchi kama zetu, mwaka 1999 daktari Lewis Zirkle, aliyewahi kuwa daktari wa upasuaji katika vita vya Vietnam, alianzisha shirika la SIGN huko jimbo la Washington, linalozipa hospitali vyuma vya kuunga mifupa bila malipo, zikiwemo hospitali za hapa Kenya. Mpendwa, nikikuambia Mungu hutumia watu, nina maana ya watu wenye bisibisi na nyundo pia.

Chuma cha Mama kilikuwa cha aina nyingine, na hicho tulikinunua. Ni skrubu moja nene inayopita kwenye shingo ya mfupa hadi ndani ya kichwa cha nyonga, na bamba la chuma ubavuni mwa paja, limefungwa kwa skrubu 4 ndogo. Alipasuliwa siku ya 9 tangu aanguke, kwa sababu siku 8 za kwanza tulikuwa tukitafuta pesa. Mbuzi waliuzwa, akiwemo yule mwenye kesi. Ninyi mlichanga kwa M-Pesa, wengine shilingi 50, na sijasahau hata moja. Siku iliyofuata upasuaji walimsimamisha. Alishika kile chuma cha miguu minne cha kutembelea, akasimama, akanitazama kama mtoto aliyejua kutembea leo. Nililia pale wadini mbele ya wagonjwa wengine.

Kwa hiyo nasema wazi, mtu asije akanielewa vibaya: chuma kile kilikuwa jibu la maombi. Bila hicho huenda tungekuwa tumemzika Mama kabla ya mvua za Aprili.

Alirudi nyumbani. Akatoka kwenye chuma cha miguu minne, akaingia kwenye magongo mawili, kisha fimbo moja. Juni ikafika. Nikamwita mbele. Mengine mliona.

Yale ambayo hamkuyaona ni haya.

Machi 2023 nilienda nyumbani kwa mazishi ya jirani, nikalala huko. Saa nane za usiku nikasikia kiti kikiburutwa jikoni. Nikatoka na tochi ya simu. Nikamkuta Mama ameketi kando ya mafiga, moto umebaki makaa, ameshikilia chupa ya maji moto ubavuni mwa paja la kulia.

Kwetu Ukambani mama huitwa mwaitu. Nikamwambia, "Mwaitu, mbona hujalala?"

Akasema, "Upande huu sijaulalia tangu nitoke hospitali."

"Na ule mwingine?"

"Nikilalia ule mwingine, huu unavuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akasukuma kijinga cha moto ndani kidogo, akanyamaza, kisha akasema, "Ningekuambia nini, Pasta? Ulikuwa umeshawaambia watu."

Wapendwa, Mama hajawahi kuniita Pasta nyumbani. Kanisani ananiita hivyo kwa heshima, lakini nikivuka lango la kwake mimi ni mwanawe, huniita jina nililopewa nikizaliwa. Usiku ule, jikoni kwake, alimjibu Pasta. Mwanawe hakuwa na nafasi ya kuambiwa, kwa sababu Pasta alikuwa amefunga mlango.

Nilipomsaidia kurudi kitandani nikaona mkebe wa Kimbo umechungulia chini ya godoro. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya maumivu vya kila rangi. Alikuwa akiuza mayai siku ya soko, anapitia duka la dawa, anameza viwili asubuhi na viwili usiku, miezi na miezi. Baadaye daktari alimpima figo na tumbo kwa ajili ya vidonge hivyo, na Mungu alituhurumia. Dawa za namna hiyo mzee akizimeza kila siku bila kupimwa zinaweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo, na alikuwa anazificha kwa sababu ya ushuhuda wangu.

Nikamwuliza kama alimwambia mtu yeyote. Akasema alimwambia dada mmoja wa kundi la maombi. Yule dada akamwonya asiyataje yale maumivu tena kwa kinywa chake, kwa maana akiyataja atapoteza uponyaji wake. Kwamba maumivu yakirudi ni shaka imerudi.

Niliwaka hasira. Nikajiuliza ni nani anawafundisha watu wangu mambo kama haya. Halafu nikakumbuka. Nilikuwa nimelihubiri mimi mwenyewe, Januari, katika mfungo wa siku 21. Yule dada alikuwa ameliandika kwenye daftari lake, akalishika, akalitii.

Wiki iliyofuata tulienda kumwona daktari wa mifupa. Nilikuwa nimemwombea Mama mara nyingi. Niliwahi kuweka mikono, niliwahi kumpaka mafuta, niliwahi kukemea roho ya udhaifu hadi sauti ikakauka. Yule daktari alivuta kiti, akaketi chini ya kimo cha Mama, akamwuliza swali ambalo mimi sikuwahi kumwuliza katika maombi yangu yote.

"Mama, uchungu uko wapi? Nionyeshe kwa kidole kimoja."

Mama akaweka kidole ubavuni mwa nyonga, mahali pamoja, bila kutafuta. Daktari akapapasa. Akachukua mkono wangu akaniwekea hapo. Chini ya ngozi nilisikia kitu kigumu, cha duara, kama kichwa cha msumari chini ya zulia. Mama amekonda, na pale hana nyama ya kuficha kitu.

Picha mpya ya eksirei ikaonyesha kilichotokea, naye akanieleza kwa subira. Ile skrubu nene haikushikiliwa isisogee. Imetengenezwa ili iweze kuteleza ndani ya mrija wa lile bamba. Mgonjwa anapokanyaga, vipande viwili vya mfupa vinasukumana, vinakaribiana, vinaungana vizuri zaidi. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mfupa ukibonyea sana wakati wa kuungana, skrubu hurudi nyuma, na kitako chake kinatokeza nje ubavuni. Pale kinakutana na mshipi mgumu wa nyama unaoshuka kutoka nyonga hadi goti. Kila hatua mshipi unapita juu ya chuma. Kila akilala upande ule, uzito wa mwili wote unakandamiza nyama kati ya kitanda na chuma.

Nikauliza, "Kwa hiyo upasuaji ulikosewa?"

Akasema hapana, si lazima. Mfupa ulikuwa umeungana, na umeungana vizuri. Skrubu ilifanya kazi yake hadi mwisho, na katika kuifanya ikajisukuma nje.

Akanieleza pia kwamba si kila maumivu baada ya chuma cha nyonga ni ya namna hii, ndiyo maana hakutaka kukisia. Wakati mwingine skrubu hupasua njia kwenda upande wa pili, ikatoboa kichwa cha mfupa na kuingia kwenye kiungo. Hapo uchungu huwa kwenye kinena, na mgonjwa akikanyaga anahisi kama anasagwa. Aliniambia juu ya daktari Michael Baumgaertner na wenzake huko Marekani, ambao mwaka 1995 walitoa kipimo ambacho madaktari wa mifupa wanakitumia hadi leo. Unapima kutoka ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa cha mfupa katika picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, unajumlisha. Jumla isipozidi milimita 25, hatari ya kutoboa ni ndogo sana. Ya Mama ilikuwa ndani ya kipimo. Wakati mwingine mfupa haujaungana kabisa, na chuma kinabeba mzigo peke yake hadi kichoke. Wakati mwingine ni wadudu walioingia kwenye kidonda. Wakati mwingine kichwa cha mfupa kimekosa damu. Akatoa damu, akapiga picha, akaondoa moja baada ya jingine.

Kisha akasema jambo ambalo nataka mlisikie vizuri. Chuma hakitolewi kwa sababu tu kinauma kidogo, wala kwa sababu mtu amechoka kukibeba. Wengi wanaishi nacho hadi kaburini bila shida, na kwa mzee upasuaji wa pili nao ni upasuaji. Kikitolewa kabla mfupa haujakomaa, unavunjika tena. Na hata ukiwa umekomaa, shimo lililoachwa na skrubu linaufanya uwe dhaifu kwa muda, na shingo ya nyonga inaweza kuvunjika upya. Akamwekea Mama njia zote mezani: kuvumilia kwa dawa zinazosimamiwa, kubadilishiwa skrubu fupi, au kutolewa chuma chote. Hakumwuliza Pasta. Alimwuliza Mama.

Mama akafikiri, akasema, "Kitoeni. Nataka kulala."

Kilitolewa Mei 2023, miezi 15 tangu kiwekwe. Akarudi kwenye magongo wiki kadhaa, akakatazwa kubeba mtungi wa maji, na mimi nikanunua punda.

Sasa twende kwenye Neno.

Hesabu 21 mnaijua. Wana wa Israeli walinung'unika, nyoka wakawauma, watu wakafa. Musa akaomba. Mungu akamwagiza atengeneze nyoka wa shaba amweke juu ya mti, na kila aliyeumwa akimtazama, aliishi. Angalia vizuri: chuma. Mungu mwenyewe aliagiza chuma, na chuma kile kikaokoa watu. Hakuna aliyeambiwa, "Kama una imani, usitazame shaba, mtazame Mungu tu." Kwa hiyo wewe unayewaambia wagonjwa kwamba kwenda kwa daktari ni upungufu wa imani, soma tena hapo. Ukimaliza, soma Wakolosai 4:14 uone Luka, rafiki mpendwa wa Paulo, alikuwa na kazi gani.

Halafu geuza kurasa, pitia mamia ya miaka, ufike 2 Wafalme 18:4. Nyoka yule wa shaba bado yupo. Hakuna anayeumwa na nyoka tena, jangwa limeisha zamani, lakini chuma kimebaki katikati ya watu, wanakifukizia uvumba. Jambo lililoletwa liwaponye vizazi vya kwanza limekuwa donda kwa vizazi vya baadaye. Mfalme Hezekia akalivunja vipande vipande. Na Maandiko yanasema mfalme huyo alitenda yaliyo mema machoni pa Bwana.

Mnaona? Mungu aliyeagiza chuma kiwekwe ndiye aliyefurahi kilipotolewa. Hakubadilika. Kazi ya chuma ilikuwa imeisha, na sasa kilikuwa kinaumiza.

Nilipolielewa hilo niliona kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na vyuma viwili. Kimoja kilikuwa kwenye nyonga ya Mama. Cha pili kilikuwa ushuhuda wangu. Ushuhuda ule ulikuwa wa kweli siku nilipoanza kuusema: Mungu alimsimamisha Mama. Uliwatia nguvu wengi. Lakini niliusukuma kupita mahali pake, nikasema kwamba Mungu amemaliza wakati Mungu alikuwa bado anafanya, na kuanzia hapo ukawa unamkandamiza Mama kila alipotaka kulala. Hakuweza kusema "naumwa" bila kumfanya mwanawe mwongo.

Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya Juni 2023 nilisimama mahali palepale. Niliweka kiti, Mama akaketi na fimbo yake mkononi. Nikawaambia kanisa: mwaka jana niliwaambia hana maumivu, na sikuwa nimemwuliza. Nikamwomba msamaha mbele yao. Nikamwomba msamaha pia yule dada wa maombi, kwa maana nilimbebesha fundisho lililomfanya amnyamazishe mtu mwenye uchungu. Hakukuwa na vigelegele siku ile. Lakini ibada ilipoisha, watu 4 walibaki kwenye viti. Mmoja alikuwa mzee wa kanisa mwenye chuma mguuni tangu ajali ya barabarani miaka mingi. Akaniambia, "Pasta, huu wangu unauma kila usiku. Nilidhani nikisema nitaonekana sina imani." Nilikuwa nimemhubiria kila Jumapili miaka yote hiyo.

Video ya Juni 2022 nimeiondoa. Mlioishiriki, tafadhali shirikini hii.

Mnauliza Mama yuko vipi sasa. Nitawapa jibu lililo sahihi, kwa kuwa nimejifunza kwa gharama yake. Analala upande wa kulia. Hilo ndilo aliloomba, na Mungu amempa. Bado anachechemea kidogo, kwa sababu mfupa ulipobonyea mguu ulibaki mfupi. Kukiwa na mawingu anasema nyonga inamwambia kabla ya redio. Anatembea na fimbo, na sitamwambia aiache tena.

Yakobo naye alitoka Penieli akichechemea. Soma Mwanzo 32. Ni nyonga ileile, wapendwa. Alishindana usiku kucha, akabarikiwa, akapewa jina jipya, na jua lilipomchomozea alikuwa anachechemea. Baraka na kuchechemea vilitoka pamoja katika usiku mmoja. Ukienda Waebrania 11:21 unamkuta mzee yuleyule anaabudu ameegemea kichwa cha fimbo yake. Hakuna mahali Biblia inaposema fimbo ile ilikuwa shaka.

Majirani zetu Wakatoliki, na Kitui tuna wengi, watawakumbusha Papa Yohane Paulo wa Pili. Aprili 1994 alianguka bafuni akavunja mfupa wa paja, akawekewa nyonga ya bandia. Hakurudi kutembea kama zamani. Alipokuja Nairobi Septemba 1995 alikuja na fimbo yake, akaongoza ibada, na hakuna aliyeuliza imani yake iko wapi. Sisi Wapentekoste tungempeleka kwenye mstari wa maombezi mara tatu, na akibaki na fimbo tungeanza kunong'ona.

Kwa mlio na mzazi au jirani aliyewekewa chuma nyongani, chukueni haya mkae nayo.

Maumivu yanayopungua wiki hadi wiki ni ya kawaida. Maumivu yanayobaki palepale miezi, au yaliyokuwa yameisha yakarudi, yana sababu, na sababu hutafutwa. Rudini kwa daktari na picha za zamani mkononi. Msizitupe picha za eksirei.

Uchungu wa kinena unapokanyaga, mguu unaozidi kuwa mfupi au kugeukia nje, au mtu aliyekuwa akitembea akashindwa ghafla kukanyaga: msingoje kesha la Ijumaa, nendeni siku hiyo. Homa, wekundu, kidonda kinachotoa maji au usaha: siku hiyohiyo pia. Tutaombea njiani.

Msimkande mtu mwenye chuma kwa nguvu wala kwa majani ya moto juu ya kovu. Na fungueni mikebe yao kwa upole, muone wanameza nini.

Na mchungaji mwenzangu unayesoma hapa, kabla ya kuweka mkono juu ya mgonjwa, mwulize swali la yule daktari. Bwana Yesu mwenyewe alimwuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini, ilhali kila mtu aliona ni kipofu. Swali halipunguzi upako.

Jambo la mwisho. Siku Mama alipotolewa chuma, tulikabidhiwa ile skrubu nene ndani ya kichupa. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Moja kwa moja mawazo yangu yakaenda madhabahuni. Nikaona nikiiinua juu, watu wakiitazama, simu zikirekodi. Nikamwambia Mama nitaipeleka kanisani.

Akaichukua mkononi mwangu, akaigeuza mara moja, akasema, "Hiki ni chuma tu." Akaitia ndani ya ule mkebe wa Kimbo uliokuwa wa vidonge, akafunga kifuniko.

Hezekia alipomvunja nyoka yule alimpa jina Nehushtani. Maana yake, kwa maneno rahisi, ni kipande cha shaba. Mama hajasoma chuo cha Biblia. Safari hii aliniita kwa jina langu, akaniambia nimletee chai.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa chuma na kwa mikono iliyokiweka, na kwa mikono iliyojua wakati wa kukitoa. Wakumbuke wote watakaoamka saa nane usiku huu kwa uchungu ambao hawajamwambia mtu. Wape kinywa cha kusema, nasi utupe masikio. Utusamehe tulipotumia jina lako kuwanyamazisha. Katika jina la Yesu.

Usiandike Amina kwanza. Mpigie simu mama yako, baba yako, au mzee unayemjua mwenye chuma mwilini. Mwulize uchungu uko wapi, umwache amalize kujibu. Ukimaliza, rudi hapa uandike Amina.